Namna ya Kujenga Tabia Njema Ndani ya Kipindi: Mwongozo kwa Walimu wa Shule za Msingi

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Tanzania Bara Januari 2024, umeliweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwenye ratiba ya shule ya msingi, na baadhi ya shule zimelipokea kana kwamba malezi sasa yamepata kipindi chake na mwalimu wake, na walimu wengine waendelee na Hisabati na Sayansi zao. Mwongozo huu una mtazamo tofauti. Mtoto akifundishwa maana ya uaminifu saa tatu, kisha saa nne akachekwa na darasa zima kwa kusema hajaelewa, na saa tano akasifiwa kwa jibu alilolinakili kwa jirani yake, somo atakalolishika siku hiyo si lile la saa tatu. Tabia hujengwa na namna kazi ya kila siku inavyoendeshwa: jinsi kosa linavyopokelewa, jinsi kundi linavyogawana kazi, jinsi daftari linavyosahihishwa na hata jinsi ufagio unavyotumiwa. Huko ndiko mwalimu mkuu na walimu wake wanakopaswa kuanzia.

Chagueni tabia chache na kuzieleza kwa vitendo

Kazi ya kwanza ifanyike kwenye kikao cha walimu kabla muhula haujaanza. Kikao kichague tabia mbili, au tatu zikizidi sana, ambazo shule nzima itazishughulikia muhula huo. Orodha ndefu hupendeza ikibandikwa ofisini lakini haimfikii mtoto. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019 kwa gredi za chini, umeorodhesha maadili manane ambayo walimu wa masomo yote hutarajiwa kuyakuza: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Wazo la kuyasambaza maadili katika masomo yote ni zuri, ila lina mtego wake, kwa kuwa mwalimu aliyechoka anaweza kuandika neno "umoja" kwenye andalio la somo, akafundisha kama alivyofundisha jana, na mkaguzi akaridhika.

Ili kuuepuka mtego huo, kila tabia iliyochaguliwa ielezwe kwa kitendo kinachoweza kuonekana na mtu aliyesimama mlangoni mwa darasa. Badala ya kuandika tu "uaminifu", kikao kiandike kwamba mwanafunzi anaandika jibu lake mwenyewe hata kama hana uhakika nalo, kwamba anaweza kusema hajaelewa bila mtu yeyote kucheka, na kwamba akiokota kalamu anaipeleka kwa mwenyewe au kwa mwalimu wa zamu. Badala ya "uwajibikaji", kiandike kwamba mwanafunzi anafanya masahihisho bila kukumbushwa na kwamba zamu yake ikifika anatekeleza kazi yake bila kusimamiwa. Walimu wakishindwa kukubaliana kitendo gani kinaidhihirisha tabia fulani, waiache tabia hiyo kwa muhula huo, kwa sababu wanafunzi hawataweza kuielewa vizuri kuliko wao.

Badilisheni namna kosa linavyopokelewa

Sehemu hii ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote, kwa kuwa ujasiri, ukweli, uvumilivu na unyenyekevu wa mwanafunzi hujaribiwa pale anapokosea mbele ya wenzake, na hilo hutokea mara nyingi kwa siku.

Tuchukue kipindi cha Hisabati kuhusu kujumlisha sehemu. Mwalimu ameandika ubaoni ½ + ⅓, na mwanafunzi mmoja amejibu ⅖, yaani amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Katika madarasa mengi mwalimu husema "hapana", akamgeukia mwingine, na yule wa kwanza akakaa chini akiwa ameamua kutonyoosha mkono tena wiki hiyo. Mwalimu anayejenga tabia huliandika jibu hilo ubaoni bila kulitaja jina la aliyelitoa, kisha huliuliza darasa zima kama ⅖ ni kubwa au ndogo kuliko nusu. Wanafunzi wachore mstatili, waugawe, wapake rangi. Wataona wenyewe kwamba ⅖ ni pungufu ya nusu, na hapo swali la maana huzaliwa: inawezekanaje kuongeza theluthi juu ya nusu, ukabaki na kitu kidogo kuliko nusu uliyoanza nayo? Kuanzia hapo darasa lina sababu ya kutafuta asili inayolingana, na likifika kwenye ⅚ linajua kwa nini limefika huko. Aliyekosea naye ameona kwamba jibu lake limelipa darasa kazi ya kufikiri, na kwamba ubao haukutumika kumwaibisha.

Mambo matatu husaidia utaratibu huu ushike. Mwalimu atoe muda wa kufikiri baada ya swali, hata kama ukimya unamkera, badala ya kumchagua yule anayenyoosha mkono akipiga vidole na kuita "mwalimu, mwalimu". Kicheko cha kumdharau aliyekosea kikatazwe tangu siku ya kwanza, na katazo hilo lisimamiwe bila upendeleo, hata kwa mtoto wa mwalimu anayesoma darasani humo. Na masahihisho yapewe thamani: mwanafunzi aliyepata matano kati ya kumi, akarudia yale matano aliyokosa na kuandika kwa sentensi moja alikokosea, daftari lake liwekewe alama inayoonyesha kwamba amekamilisha kazi. Daftari lenye wekundu mtupu, lililorudishwa bila nafasi ya kusahihisha, humfundisha mtoto kulificha daftari wala si kujirekebisha.

Mwalimu naye atakosea ubaoni, maana chaki haimchagui mtu. Mwanafunzi akimwonyesha kosa, ashukuru kwa sauti, afute na kuandika upya. Akiulizwa swali asilolijua, aseme halijui na ataje siku atakayoleta jibu, kisha alilete siku hiyo. Sioni nasaha yoyote ya mstarini inayoweza kufanya kazi ya tendo hilo dogo.

Ondoeni sababu za kuangalizia

Shule nyingi hupambana na kuangalizia kwa kuwatenganisha wanafunzi na kuwaadhibu wanaokamatwa. Hatua hizo zina nafasi yake wakati wa mtihani, lakini haziulizi kwa nini mtoto ananakili hata zoezi la kawaida ambalo halina cheti. Jibu mara nyingi liko kwenye utaratibu wa shule yenyewe. Pale ambapo nafasi za kwanza na za mwisho hutangazwa mstarini, au ambapo anayepata chini ya alama fulani huchapwa, mtoto anayenakili anapiga hesabu sahihi kabisa: uaminifu una gharama na udanganyifu una faida.

Kwa hiyo tenganisheni waziwazi kazi za kujifunzia na kazi za kupimwa, na wanafunzi waambiwe kila mara wanafanya ipi. Katika kazi za kujifunzia, majibu yaandikwe ubaoni baada ya muda, kila mmoja ajisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine, na mwalimu apitie madaftari machache tu ili kuona kama usahihishaji ni wa kweli. Anayekutwa amejipa vema pasipostahili aitwe pembeni, aulizwe na kurudia kazi, lakini asipunguziwe alama, kwa sababu kazi hiyo haina alama. Matokeo ya kazi za kupimwa apewe kila mwanafunzi yake. Wako walimu wanaoamini kwamba nafasi zisipotangazwa watoto watalegea. Mimi naona kinacholegea ni hofu, na kazi ya mwalimu ni kujaza nafasi ya hofu hiyo kwa maswali mazuri na ufuatiliaji wa karibu.

Panga vikundi ili kila mtoto awe na wajibu

Darasa lenye wanafunzi 80 linaweza kufanya kazi ya vikundi iwapo vikundi vinatokana na madawati yalivyokaa, ili muda usiishie kwenye kuhamisha samani. Dawati la mbele ligeuke kulitazama la nyuma, na tayari kundi la watu watano au sita limepatikana. Kila kundi liwe na msomaji, mwandishi, mtunza muda na msemaji, na nafasi hizo zizunguke kila wiki kwa orodha iliyobandikwa ukutani. Bila orodha, mwenye sauti kubwa atakuwa msemaji mwaka mzima, na wasichana mara nyingi wataachiwa kuandika.

Kanuni moja hubadilisha mwenendo wa kundi kuliko mawaidha yoyote: mwalimu anaweza kumwita mtu yeyote wa kundi, si msemaji peke yake, aeleze namna jibu lilivyopatikana. Wanaojua watalazimika kuwaeleza wasiojua, na wasiojua watalazimika kuuliza. Hapo heshima na kusaidiana vinakuwa hitaji la kazi. Anayetegea huonekana mapema, na wenzake ndio wanaomsukuma kabla ya mwalimu.

Kazi za mikono zisigeuzwe kuwa adhabu

Machi 1967, mwezi mmoja hivi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa hati ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe na mashamba au karakana na wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, si katika kulima peke yake. Sehemu ya kulima ilishika kirahisi, lakini ile ya kuamua ilisahaulika mahali pengi, hadi "EK" kwenye ratiba ikawa na maana ya kubeba maji, kufyeka nyasi au, vibaya zaidi, kupalilia shamba la mwalimu.

Kuirudisha maana yake kunawezekana hata kwa bustani ndogo ya mchicha, zao ambalo huwa tayari kuvunwa baada ya wiki chache na hivyo halimchoshi mtoto kwa kungoja. Wanafunzi wa darasa la tano wapime tuta katika kipindi cha Hisabati, wachunguze uotaji wa mbegu katika Sayansi, na wagawane zamu za kumwagilia kwa jedwali walilolipanga wenyewe. Mchicha ukiuzwa, mwanafunzi aliyechaguliwa asome mapato na matumizi mbele ya darasa, kisha darasa lijadili fedha zitumike vipi. Uamuzi wao uheshimiwe, hata kama mwalimu angependa zinunue kitu kingine. Mtoto aliyewahi kusoma hesabu za senti chache mbele ya wenzake, akaulizwa kwa nini pungufu ni shilingi 200, amejifunza uwajibikaji wa fedha za umma mapema sana.

Usafi nao uende kwa zamu inayowahusu wote, viranja wakiwemo. Mwalimu akimwadhibu mchelewaji kwa kumpa choo asafishe, anaweza kufundisha bila kukusudia kwamba kusafisha ni kazi ya wakosaji, na asishangae mtoto huyo akikua na kumdharau mfagia barabara.

Adhabu

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara bado inaviruhusu kwa masharti: visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu. Maana yake ni kwamba fimbo anayotembea nayo mwalimu darasani kwa ajili ya majibu yasiyo sahihi haina uhalali hata kwa kanuni zilizopo. Shule inayotaka kulea itafute kwanza hatua zinazofungamana na kosa lenyewe. Aliyechana kitabu akishone na kukigundisha, aliyemtukana mwenzake akae naye mbele ya mwalimu wa malezi wazungumze hadi waelewane, aliyetoroka kipindi akifidie. Mtoro wa mara kwa mara afuatiliwe nyumbani kabla ya jambo lingine lolote, maana huenda anachunga, anauza karanga stendi au anamuuguza bibi yake.

Wekeni kumbukumbu na kuzungumza na wazazi

Ripoti nyingi za muhula zina mstari wa tabia unaojazwa "nzuri" kwa watoto wote, isipokuwa wawili watatu waliowahi kumsumbua mwalimu. Mzazi hapati chochote cha kufanyia kazi. Mwalimu wa darasa awe na daftari dogo la kuandikia alichokiona: tarehe, kitendo, basi. "Amemwelekeza mwenzake kugawanya kwa tarakimu mbili." "Ameficha daftari mara mbili wiki hii." Akiwaangalia kwa makusudi wanafunzi watano kila wiki, darasa la watu 80 litakuwa limeisha kwa wiki 16, na kila ripoti itaweza kubeba sentensi moja ya kweli kuhusu mtoto husika.

Kwenye mkutano wa wazazi, mwalimu mkuu aeleze tabia zilizochaguliwa na awaombe wazazi jambo moja linalolingana nazo. Kama muhula ni wa uaminifu, waombwe wasimfanyie mtoto kazi ya nyumbani na wasimpige kwa sababu ya alama ndogo, maana shule haiwezi kumtuliza hofu mchana ikarudishwa jioni. Mwisho wa muhula kikao cha walimu kipitie madaftari hayo ya kumbukumbu, kisikilize pia viranja na wanafunzi wachache wasio viranja, kisha kiamue tabia ipi iendelee muhula ujao na utaratibu upi umeshindwa na uachwe.