Gurami kibete: dume mmoja anatosha

Ukiingia duka la samaki wa mapambo, gurami kibete ndiye atakayekuvuta kwanza: mwili wa rangi ya chungwa lililoiva, mistari ya buluu imeshuka ubavuni. Shida ni kwamba wanaong'aa hivyo ni madume. Majike ni wa rangi ya fedha iliyopauka, hawana mnunuzi, kwa hiyo mara nyingi hawaletwi kabisa. Mteja anabeba watatu wazuri. Wiki haijaisha mmoja ametawala tangi, wa pili amejibanza nyuma ya filta mapezi yamechanika, wa tatu hali chakula.

Kwenye tangi la lita 60 weka dume mmoja, basi. Mimi niliwahi kuweka wawili kwenye lita 100, nikidhani majani mengi yangewatenganisha. Siku ya tisa nilibaki na mmoja.

Kwao ni India na Bangladesh, kwenye vijito vya polepole na mifereji ya mashamba ya mpunga iliyosongwa na majani. Filta inayosukuma maji kwa nguvu inamchosha, hivyo elekeza mdomo wa filta kwenye kioo, na juu weka mimea inayoelea. Anataka nyuzi 24 hadi 28. Dar es Salaam au Mombasa huenda usihitaji hita, ila Nairobi na Arusha usiku utaihitaji.

Huyu huja juu kuvuta hewa, ana kiungo maalumu karibu na matamvua. Acha nafasi ya vidole vitatu kati ya maji na mfuniko. Umeme ukikatika atavumilia kuliko wenzake, lakini bakteria wa kwenye filta hawatavumilia, na hao ndio wanaovunja amonia, sumu inayotoka kwenye kinyesi. Ndiyo maana tangi jipya huendeshwa wiki 4 hadi 6 kwanza ili bakteria hao wazaliane, hata kama maji yanaonekana safi kama ya chupa. Sifongo la filta lisuuze kwa maji ya tangi lenyewe, si ya bomba. Kila wiki badilisha robo ya maji. Ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini kwanza.

Wenzake wawe wapole: neoni tetra, rasbora, korido wa chini. Barbi chui watamng'ata nyuzi za tumboni anazopapasia njia. Na tafadhali, usimchanganye na samaki wetu wa Ziwa Tanganyika au Nyasa. Ni wakorofi, na maji yao yana alkali zaidi: pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, inapita 8, wakati yeye anastawi kwenye 6 hadi 7.5.

Kabla ya kulipa, kagua tangi zima la dukani. Rangi iliyofifia, tumbo lililovimba au kidonda ubavuni kwa samaki mmoja tu, ondoka. Kuna iridovirusi, aina ya virusi, inayowasumbua sana samaki hawa na haina dawa. Hata anayeonekana mzima mtenge wiki 4 kwenye tangi la peke yake.

Siku ukikuta povu limekusanyika kona ya juu, lina vipande vya majani, usilipangue. Dume anajenga kiota. Kama una jike, mwongezee majani ya kujificha siku hiyo hiyo, maana asipokuwa tayari kutaga atafukuzwa tangi zima.