Kununua tapu na dai kama ripea zako ni za mara moja moja

Kama kazi yako si kukata thredi kila siku, yaani meno ya bolti na nati (tapu huyakata ndani ya shimo, dai huyakata nje ya bolti), ni zile za leo bolti ya tuktuk imeliwa meno, mwezi ujao mtu akuletea injini ya boti kutoka Likoni, basi achana na lile sanduku la tapu na dai la vipande arubaini la bei ya chini. Wallahi linanikera kuona vijana wanaoanza fundi hapa Mombasa wakilinunua kwa pesa yao ya kwanza. Ndani mna saizi kibao ambazo hutazigusa, na zile nne tano unazozihitaji ndizo zitakazoisha makali au zikukatikie ndani ya kazi, na tapu ikikatikia ndani ya hedi ya injini hiyo ni balaa, manake ni chuma kigumu kama biti yako ya drili yenyewe, huitoboi, utabaki kutafuta karakana za mashini huko Shimanzi au Changamwe na bili yake si ya kuchezea.

Pesa hiyo hiyo chukua tapu chache za maana. M6, M8, M10 na M12 (namba ni unene wa bolti kwa milimita) zitakutoa kwenye kazi nyingi za pikipiki, magari ya Japani na jenereta. Soma maandishi kwenye shina la tapu: yafaa uone saizi pamoja na pichi, yaani umbali wa jino hadi jino kwa milimita, mfano M8x1.25, na uone HSS, yaani ile chuma inayostahimili joto na kubaki na makali. Tapu ya kaboni si ya kutupa, kusafisha meno yaliyojaa kutu na rangi inatosha, lakini kukata thredi mpya kwenye chuma ngumu haitakupeleka mbali. Ikiwa haina maandishi yoyote iwache hapo hapo dukani. Kisha igeuze kwenye mwanga, meno yawe safi na yanang'aa sawasawa, ncha zisiwe na vipande vilivyomeguka. Majina kama Dormer, Presto, Völkel, Yamawa au OSG ni ya kuaminika, na hata tapu ya mtumba ya kampuni hizo kama makali yapo, mimi naona ni bora kuliko mpya isiyo na jina.

Sasa hapa kwenye pichi ndipo watu huumia. M10 ya kawaida ni 1.5 lakini kuna 1.25 pia, M12 yenyewe yapatikana 1.75, 1.5 na 1.25. Nati za magurudumu za Toyota nyingi ni M12x1.5, za Nissan na Subaru nyingi ni M12x1.25, ukichanganya inaingia raundi mbili vizuri tu halafu yagoma, na mtu hudhani ni kutu anachukua mpini mrefu anavuta, kumbe ndiyo anamaliza meno. Kwa hivyo kabla ya tapu yenyewe nunua geji ya pichi, vile vibati vyembamba vyenye meno kama msumeno. Weka kibati kwenye meno ya bolti, inua kwenye taa, ukiona mwanga wapenya chini jaribu kingine mpaka uzibe kabisa. Ni bei rahisi na ndiyo kifaa nitakachokuambia usikose.

Mashini za zamani za Uingereza zina inchi, na inchi nazo si moja: nusu inchi ya BSW, ile ya Kiingereza, ina meno 12 kwa inchi, ya UNC, ile ya Kimarekani, ina 13. Na usije ukanunua tapu ya bolti ya nusu inchi ukidhani utafanyia bomba la mfereji, bomba la nusu inchi nje yake ni karibu milimita 21 na meno yake ni 14 kwa inchi, hiyo ni BSP, yaani meno ya mabomba, kifaa chake ni mbali.

Ukiweza chukua seti ya tatu kwa kila saizi: ya kwanza ina ncha nyembamba ya kuanzia, ya pili ya katikati, ya tatu hufika mpaka chini ya shimo lisilotoboka. Ukiwa na ya tatu peke yake kuanza wima ni shida. Dai nazo, ile ya duara yenye mkato ndiyo ya kukatia, unaweza kuifungua na kuikaza kidogo kwa skrubu. Ile ya pembe sita inayoshikwa kwa spana ni ya kusafisha meno yaliyoumia, wengi huinunua kukatia mpya halafu walaumu dai.

Biti ya drili nunua siku hiyo hiyo, ukitoa pichi kwenye saizi unapata shimo, karibu hivi kwa milimita: M6 ni 5.0, M8 ni 6.8, M10x1.5 ni 8.5, M12x1.75 ni 10.2. Shimo dogo kuliko hapo ndilo linalovunja tapu nyingi. Mpini uwe wa kushika kwa mikono miwili sawa, spana ya upande mmoja yapinda tapu. Tia oili kwenye chuma, mafuta ya taa kwenye aluminiamu, chuma cha kusubu (cast iron) kata kikavu. Zungusha nusu raundi, rudisha kidogo mpaka usikie ule mlio mdogo wa kipande kukatika, endelea.

Na kwa hewa yetu ya chumvi, ukimaliza futa, paka oili, funga kila tapu kwenye karatasi yake peke yake. Usizitupe pamoja kwenye mkebe zikagongana, makali huisha hata kabla hujazitumia.