Mkanda wa rili: kuutambua, kuutibu na kuuhamishia kwenye kompyuta

Mikanda mingi ya rili, yaani ile mikanda ya sumaku ya kunasa sauti inayozungushwa kwenye gurudumu, iliyobaki huku kwetu ina upana wa milimita 6.3. Kuna ya redio, kama ile ya iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam yenye dansi, taarabu, ngoma na hotuba, na kuna ya majumbani, iliyonaswa harusini au kwenye maulidi kwa mashine ndogo za Uher na Philips. Yote ina sharti moja: usiucheze mkanda mpaka ujue ni wa aina gani. Ile hamu ya kubonyeza kitufe "tusikie tu kama kuna kitu" ndiyo inayoharibu mkanda uliovumilia miaka 50 kabatini.

Utambuzi kwanza

Inua rili mbele ya dirisha uitazame ubavuni. Mwanga ukipenya kwenye mzunguko wa mkanda, huo ni wa plastiki ya asetati. Ukiona giza tupu, yaelekea ni plastiki ya poliesta. Asetati hukauka na kukatika, lakini hukatika safi na kuungika vizuri. Poliesta huvutika kabla ya kukatika, na palipovutika sauti hairudi tena. Unuse pia. Harufu ya siki maana yake asetati imeanza kuoza. Itenge mbali na mingine, kwa kuwa mvuke wake huichochea jirani zake nayo ioze, kisha iweke mwanzo wa foleni ya kuhamishwa.

Sasa tazama mgongo, yaani upande usiogusa kichwa cha mashine, kile kinachosoma sauti. Mgongo mweusi usiong'aa kwenye poliesta ya kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni wa kutiliwa shaka. Ampex 406 na 456 ndizo mashuhuri kwa ubaya, pamoja na Scotch 226 na 806. Gundi inayoshika unga wa sumaku hunywa unyevu wa hewa ikawa kama ulimbo. Fungua sentimita chache kwa mkono, polepole: mkanda ukigandana na mzunguko wa chini yake, usiuweke mashineni. Ukiuweka utalia, utasimama, na utaacha tope la kahawia kwenye vichwa. Tope hilo ndiyo sauti yenyewe.

Usiliamini boksi. Mafundi wa redio walirudisha mkanda kwenye boksi lolote lililokuwa karibu. Mara nyingi jina la kiwanda na namba vimechapwa mgongoni mwa mkanda, hapo ndipo pa kusoma. Piga picha ya boksi pande zote, lebo na kila karatasi iliyomo kabla hujafanya lingine.

Kuoka, na nani asiokwe

Mkanda unaonata hutibiwa kwa joto dogo la muda mrefu: nyuzi 54 za Selisiasi kwa saa 8, kisha uachwe upoe humo humo kwa muda kama huo. Mashine ya mviringo ya kukaushia matunda, yenye feni, inafaa sana, ila pima joto kwa kipimajoto cha pembeni, kwa kuwa namba za kwenye kitufe chake hazitegemeki. Geuza rili kila baada ya saa mbili. Oveni ya jikoni hupanda na kushuka mno, maikrowevu ni maangamizi, na jua la juu ya bati halina kipimo.

Dawa hii ni ya muda. Una takriban mwezi mmoja wa kuucheza mkanda kabla haujaanza kunata tena, na Mombasa au Unguja usiungoje mwezi uishe: ufunge kwenye mfuko usiopitisha hewa wenye vifuko vya silika (chembe zinazonyonya unyevu), uhamishe sauti ndani ya siku chache. Ukichelewa, unaweza kuokwa tena.

Asetati haiokwi kamwe. Wala si kila mkanda unaolia una ugonjwa huu. Upo usio na mgongo mweusi unaolia kwa sababu gundi yake imelainika kwa namna nyingine, na huo joto haliusaidii.

Ukungu ni kazi ya nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa ya N95. Ukiwa bado mbichi na una ute, usiuguse: weka rili kwanza mahali pakavu, pamoja na silika, mpaka ukungu uwe unga. Hapo ndipo utaupangusa ubavuni kwa brashi laini huku mdomo wa mashine ya kuvuta vumbi yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa hata vumbi laini, ukiwa karibu bila kugusa. Ukiupuliza, unaugawia mikanda yote chumbani.

Mashine

Revox A77, B77 na PR99, Studer za studio na Otari MX5050 bado zinapatikana na vipuri vyake vipo. Revox iliyolala miaka mingi isichomekwe kwenye umeme kabla kapasita zake (vipande vya saketi vinavyotunza chaji) za chapa ya RIFA hazijabadilishwa. Hupasuka na kujaza chumba moshi. Ukiagiza mashine ya zamani kutoka Marekani, uliza habari ya mota. Mota inayofuata mapigo ya umeme imeundwa kwa hezi 60, na kwenye hezi 50 zetu itazunguka kwa asilimia 83 tu ya kasi yake hata kama umeweka transfoma. Mota ya Revox inadhibitiwa na saketi yake yenyewe, haina tatizo hilo.

Kaseti ina kijino cha kuvunja ili isifutwe. Rili haina. Zima uwezo wa kurekodi wa mashine, ikiwezekana mwambie fundi akate waya wa kichwa cha kufutia.

Kabla ya kila mkanda, safisha vichwa, nguzo na kapstani (kile kijiti cha chuma kinachouvuta mkanda) kwa vijiti vya pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Rola ya mpira isafishe kwa maji na tone la sabuni. Kila baada ya saa kadhaa za kazi ondoa usumaku wa vichwa, mashine ikiwa imezimwa na mikanda ikiwa umbali wa mita moja au zaidi. Kifaa hicho kiondoe polepole hadi mbali ndipo ukizime. Ukikizima kikiwa karibu, umeongeza usumaku badala ya kuuondoa.

Mkanda wa redio unaweza kuwa umezungushwa kwenye kitovu tu, bila rili. Uweke juu ya sahani bapa na uubebe kwa viganja viwili. Ukiushika ukingoni, katikati itadondoka na utaokota mita 700 sakafuni.

Kasi ya redio ni sentimita 19 au 38 kwa sekunde. Ya nyumbani 9.5 au 19. Sauti za watu zitakwambia. Ukisikia maneno yanayorudi nyuma, ama mkanda umehifadhiwa mwisho ukiwa nje, jambo la kawaida redioni, ama njia za sauti hazilingani na kichwa. Mkanda wa mono wa pande mbili ukichezwa kwenye kichwa cha stirio cha nusu upana, kushoto utasikia upande A sawasawa na kulia upande B kinyumenyume. Hilo lina faida: rekodi vyote kwa mara moja, kisha geuza kulia kwenye kompyuta. Mkanda dhaifu umechezwa mara moja badala ya mbili.

Redio zetu, kwa kurithi mtindo wa Uingereza, zilitumia zaidi usawazishaji wa CCIR, yaani kanuni ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba wakati wa kurekodi na kucheza. Mashine nyingi za Kijapani hutumia kanuni ya Kimarekani, NAB. Mkanda wa CCIR wa sentimita 19 ukichezwa kwa NAB hupoteza karibu desibeli 3 za sauti nyembamba, na watu huilaumu mikanda kwa uzee.

Kuna skrubu moja isiyopaswa kupuuzwa, ile ya pembe ya kichwa, yaani azimuti. Unganisha kushoto na kulia ziwe mono, sikiliza herufi "s" au mchakacho wa manyanga, zungusha skrubu kidogo kidogo mpaka sauti iwe kali kuliko kote. Hufanywa kwa kila mkanda. Programu ya kusafishia sauti haiwezi kurudisha kilichopotea hapa.

Kurekodi

Tumia kadi ya sauti ya nje, hezi 96,000 na biti 24, faili ya WAV. Saa moja ya stirio huchukua takriban gigabaiti 2, mono nusu yake. Faili ya kawaida ya WAV hukoma kwenye gigabaiti 4, basi kata kabla ya saa mbili. Kilele kisivuke desibeli −6, na zima kila kitu kinachorekebisha kiwango chenyewe. Mashine na kompyuta ziwe kwenye UPS (betri ya akiba) moja; umeme ukikatika mkanda ukiwa unakimbia, breki za mashine chakavu hushika ovyo na kuukunja.

Viungo vya zamani vitaachia. Unga upya kwa utepe maalumu wa kuungia, ukate kwa pembe ya digrii 45. Selotepu huvuja gundi na kuchafua mizunguko ya jirani.

Faili ya kwanza haiguswi: hakuna kuondoa mvumo, hakuna kuongeza besi. Kazi hizo zifanyie kwenye nakala. Toa namba ya uthibitisho ya SHA-256, itakayoonyesha kama faili imebadilika, weka nakala tatu kwenye vifaa viwili tofauti, mojawapo ikiwa nje ya jengo. Jina la faili libebe namba ya mkanda, upande na tarehe.

Mkanda wenyewe usitupwe. Ucheze hadi mwisho kwa kasi ya kawaida, uuache hivyo bila kuurudisha, usimamishe rili wima kwenye boksi safi. Nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40 ndiyo hali nzuri. Pwani hiyo haiji bila mashine ya kukausha hewa. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni huleta umande kila usiku, na kwa mikanda ni afadhali kabati lililofungwa vizuri lenye silika inayobadilishwa.