Somo: Mshono upi una nguvu zaidi? Vunja uone

Kila nikifundisha kuchomelea, swali hili halikosi: kati ya arki ya rodi (cheche ya umeme inayoyeyusha rodi), MIG (mashine inayolisha waya yenyewe), TIG (ncha ya tungsteni, waya unaongeza kwa mkono) na gesi, ipi inashika zaidi? Chuma hakijui umetumia mashine gani. Cha muhimu ni kama pande zote mbili ziliyeyuka zikawa kitu kimoja, na mshono una unene gani. Ila usiniamini kwa maneno.

Hatua ya 1: Vipande vifanane
Kata vipande vyote kwenye bamba moja la chuma laini la milimita 6. Ukichanganya mabamba, utalinganisha mabamba badala ya mishono. Saga kutu na lile gamba jeusi la kiwandani mpaka chuma king'ae, hata vipande vya kuchomelea kwa rodi, ambavyo tumezoea kusema "itakula yenyewe".

Hatua ya 2: Chomelea
Kila njia itengeneze maungio mawili. La kwanza ni T: kipande kimoja kimesimama juu ya kingine, mshono upande mmoja tu. La pili ni ncha kwa ncha, kingo zimesagwa V ya digrii 60, mwanya milimita 2 hivi. Andika kwa chaki njia, rodi na ampia. Acha vipoe hewani.

Hatua ya 3: Pima
Hapa ndipo wengi hudanganyika. Fundi analeta mshono wa MIG wenye mguu (upana wa mshono uliolala kwenye bamba, kutoka kona hadi ukingo) wa milimita 8 na wa TIG wenye milimita 5, anavivunja, kisha anatangaza mshindi. Huo ni ushindani wa unene tu. Kinachobeba mzigo ni koo la mshono, yaani kutoka kona ya ndani mpaka uso wa nje wa mshono kwa njia ya mkato, nalo ni kama 0.7 ya mguu. Mguu wa milimita 6 una koo la milimita 4.2. Mishono ikitofautiana, gawanya nguvu iliyovunja kwa koo mara urefu, ndipo ulinganishe.

Hatua ya 4: Vunja T
Vaa miwani na glovu. Bana kwenye jiliwa, kisha piga nyundo kutoka upande usio na mshono, ili kipande kilichosimama kiinamie upande wenye mshono. Shina, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mshono, ndilo litakalofunguka kwanza, na shina ndilo tunalolitilia shaka.

Sasa soma jeraha lake. Uso wa kijivu wenye chembechembe, uliopita katikati ya koo, ni mshono ulioshika. Ukiona upande mmoja laini, alama za grainda bado zipo kama ulivyoziacha, hapo chuma hakikuyeyuka. Mshono ulikuwa umelala tu juu yake. Vitundu ni gesi iliyonaswa, na mistari yenye vioo vyeusi ni slagi, takataka za rodi zilizoyeyuka.

Vipande vyangu vya kwanza vya MIG vilibanduka hivyo, vitatu mfululizo, na vilikuwa vizuri kuliko vyote mezani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Voltiji ilikuwa ndogo, nikawa namwaga waya juu ya bamba nene lililo baridi.

Hatua ya 5: Kunja na vuta
Kwenye yale ya ncha kwa ncha, tupa milimita 20 za mwanzo na za mwisho, kata vipande vya upana wa milimita 20, saga mshono ulingane na bamba. Kimoja kikunje uso ukiwa nje, kingine shina likiwa nje, kuzunguka nondo ya milimita 24. Ufa unaozidi milimita 3 umekataliwa.

Cha tatu kivute kwenye presi ya mafuta yenye geji. Eneo lake ni 20 × 6, yaani milimita za mraba 120. Chuma chenye nguvu ya kuvuta ya megapaskali 400 (nyutoni 400 kwa kila milimita ya mraba) kitadai kilonyutoni 48, karibu tani 5. Kikikatika nje ya mshono, mshono umelishinda bamba. Ukifanya vizuri, njia zote nne zinaweza kufika hapo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Rodi ya 7018 si ina nguvu kuliko 6013?*
Marahaba. Tarakimu mbili za mwanzo ni nguvu ya kuvuta: 60 ni pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, kama megapaskali 414, 70 ni kama 480. Kwa chuma laini cha 400 zote zinatosha. Sifa ya 7018 iko kwingine: haina haidrojeni nyingi, kwa hiyo mshono haupasuki kirahisi kwenye chuma kinene au kigumu. Lakini ukiiacha ipate unyevu, sifa hiyo umeitupa. Itunze kwenye oveni.

*Changu kimekatika pembeni kabisa mwa mshono. Nimefeli?*
Angalia kama kuna kijifereji kilicholiwa na arki pale ukingoni. Kama kipo, ni kosa lako: punguza ampia au usikimbize mkono. Kama hakipo na chuma kilirefuka kwanza kabla ya kukatika, umefaulu.

*Gesi ya oksijeni na asetilini ni dhaifu, sivyo?*
Kwa bati la milimita 2, hapana. Kwa bamba nene moto wake huchelewa na kusambaa, chuma hupinda na chembe zake hukua pembezoni mwa mshono. Hapo mimi siitumii.

*Nikichovya kwenye maji ili nipime haraka?*
Usichovye. Chuma chenye kaboni nyingi hugeuka kigumu na kukatika kama kigae, halafu utailaumu njia ya kuchomelea. Hata kwa chuma laini utakuwa umepima maji. Subiri mpaka ukishike kwa mkono mtupu.