Kutembea na Kuogelea Kwenye Hori (Mikono ya Bahari Iingiayo Nchi Kavu) za Mikoko, Tanga

Kabla ya kupanga siku ya matembezi na marafiki, waulizeni wavuvi saa ya maji kujaa, kwa kuwa bahari ya Tanga hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Tembeeni kandokando ya mikoko wakati wa maji kupwa, mkiwa na viatu vya kufunga, maana chaza walioshika kwenye mizizi wana kingo kali zinazochana nyayo kama wembe. Ogeleeni maji yanapokaribia kujaa na kutulia. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, mkondo huvuta kwa nguvu. Nawasihi, maji yakianza kutoka, tokeni nyote.