Maji Baridi Ndani, Maji Chumvi Nje: Kuendesha Nyumba Kwenye Mashua

Huu ni mwaka wa sita mimi na mume wangu tunaishi ndani ya mashua, imetia nanga ghuba ya Tanga, upande wa Raskazone. Watu huniuliza habari za dhoruba. Dhoruba huja na kupita. Kinachomshughulisha mwenye nyumba kila siku ni maji: ya kunywa, yasiyo na chumvi, tunayoyaita maji baridi, yanapungua, na ya chumvi yanaingia kusikotakiwa.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya maji kabla ya kuyabeba

Sisi wawili tunatumia lita 15 kwa siku, kunywa, kupika na kusuuza. Madumu kumi ya lita 20 yanatupeleka siku 13. Lakini lita 200 ni kilo 200, na uzito huo ukikaa vibaya chombo kinalala upande. Yapange chini kabisa karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaoshika chombo kizima, matano kulia, matano kushoto, uyafunge kamba. Tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, andika tarehe juu ya kila dumu, na uanze na la zamani.

Masika yakifika, tandaza turubai juu ya sitaha. Usikimbilie kutega ndoo. Mvua ya mwanzo inaosha vumbi na chumvi. Onja matone yanayochuruzika ukingoni. Ulimi usiposikia chumvi tena, tega.

Hatua ya 2: Kagua ngama kila asubuhi, kabla ya chai

Ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika. Hapa ndipo nawaomba mnisikilize sana. Wahenga walisema wendao tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, hurejea ngamani, na mimi narejea kila alfajiri na tochi. Tumbukiza kijiti kilichotiwa alama, soma kina, andika. Kisha ufue maji, yaani uyachote kwa kopo na kuyamwaga nje, mpaka uone mbao.

Mwaka wa kwanza niliamka nikakuta maji yamepanda vidole vinne. Nikapiga kelele kwamba tunazama. Mzee mmoja nahodha, jirani yetu wa nanga, akaja na mtumbwi wake, akatazama, akaniambia, “Mwanangu, yaonje kwanza.” Nikachovya kidole. Yalikuwa maji baridi! Dumu lilikuwa limepasuka kwenye mshono wa chini, na mbao zetu hazikuwa na kosa lolote. Tangu siku hiyo nachovya kidole, naweka ulimini, natema. Yakiwa baridi, tafuta dumu au turubai linalovuja. Yakiwa ya chumvi na kijiti kinaonyesha kina kinaongezeka siku hadi siku, tafuta fundi wa kalafati, anayeziba mianya ya mbao.

Kazi hiyo ingoje bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi ya kawaida, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Siku hizo hapa kwetu maji hujaa kama saa kumi alfajiri na kukauka kama saa nne asubuhi. Panda ufukweni na maji yakijaa, egemeza chombo kwa magogo. Yakitoka, fundi ana saa chache za kushindilia pamba kwenye mianya kabla bahari haijarudi. Pamba na mafuta viwe tayari tangu jana yake.

Hatua ya 3: Vyombo vioshwe kwa bahari, nguo kamwe

Masufuria na sahani sugua kwa maji ya bahari na sabuni ya unga au ya maji. Sabuni ya mche haitoi povu kwenye chumvi. Suuza kwa kikombe kimoja cha maji baridi. Usichote karibu na bandari wala baada ya mvua kubwa, maana uchafu wa mji unashuka.

Shuka ni jambo jingine. Nilishawahi kufua shuka kwa maji chumvi, nikalianika kutwa, likakauka kau. Usiku likawa mbichi tena, linanata mgongoni. Chumvi iliyobaki kwenye nyuzi huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huleta ukungu. Peleka nguo pwani. Ndani, inua magodoro kila siku na uache milango wazi upepo upite.

Hatua ya 4: Jiko likae juu

Pika sitahani, ndani ya sanduku la mchanga, upande ambao upepo unapeleka cheche nje. Mkaa usiingie chumbani hata mvua ikinyesha: hewa yake ya sumu haina harufu, inaua waliolala. Mtungi wa gesi nao ubaki juu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka ngamani na kutulia humo ikingoja kiberiti. Funga gesi kwenye mtungi wenyewe kila ukimaliza kupika.

Chakula hakina mengi. Vitunguu, viazi, maboga, nazi na ng'onda (samaki mkavu) vinakaa; mchicha ule siku hiyo hiyo. Ukitoka soko la Mgandini, mimina vitu kwenye vikapu na uache maboksi nchi kavu. Mende hutaga mayai kwenye mikunjo ya karatasi ngumu, nawe utawabeba bila kuwaona. Ndizi zitikise juu ya maji kabla hujazipandisha.