Jinsi ya kuchora ukuta unaowatetea mabinti wa kazi

Kabla ya kushika penseli, tafuta ukuta. Hapa Iringa nauacha ukuta mzuri wa mjini unaopigiwa picha za harusi, natafuta unaotazama mabasi, kule Ipogoro na Igumbilo, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam. Ndiyo njia wanayopita mabinti wanaopelekwa kufanya kazi za ndani wakiwa bado watoto, na anayewapeleka hupita hapohapo. Mchoro wa kupinga jambo sharti uonwe na anayelitenda. Ukiuweka mbele ya wanaokubaliana nawe tu, umepamba mtaa.

Wengi wakianza huchora mtoto analia, nguo zimechanika, magoti yana vumbi. Hilo mimi silikubali hata kidogo. Binti aliyeshuka na gari kutoka Kilolo atajiona pale amedhalilishwa tena, safari hii mbele ya stendi nzima. Aibu si yake. Mchore amesimama wima, nywele zimesukwa, anatutazama, na begi la shangazi kaja miguuni pake. Kisha chora mkono wa mtu mzima umeshika mpini wa begi hilo: saa kifundoni, noti iliyokunjwa katikati ya vidole. Mwenye mkono akatwe na ukingo wa ukuta, tusimwone uso. Kila mpita njia atauweka uso anaoufahamu, na mwenye mkono kama ule atauficha wake mfukoni.

Usichore sura ya mtu halisi, hata kama mtaa mzima unamjua. Utajiletea kesi, na mazungumzo yatahama kutoka kwa mabinti kwenda kwake. Mwaka 2012 wasanii wa Nairobi walichora tumbusi ukutani kuwasema wanasiasa walafi, na ujumbe ukafika.

Mwenye ukuta muombe ana kwa ana, ukiwa na mchoro mdogo mkononi. "Kamwene, baba. Naomba ukuta wako." Mzee mmoja aliniuliza, "Binti yangu, si utanigombanisha na wateja?" Nikamwonyesha karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, akasema wajukuu zake wawili wako huko. Hata baada ya maneno kama hayo, pata ruhusa kwa maandishi na nakala uipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Duka la rangi likitaka nembo yake pembeni, kataa kwa upole. Mchoro utaanza kufanana na tangazo.

Sasa vipimo. Ukuta wa mita 6 kwa 3 una mita za mraba 18. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwa hiyo ndoo ya lita 4 inatosha mikono miwili ya msingi. Plasta mpya iache wiki 4, la sivyo chumvi itaisukuma rangi nje. Ukuta wa zamani usugue kwa brashi ya waya, uoshe, ukauke, upake praima, ile rangi ya kutangulia.

Rangi za kuchorea zisikutishe bei. Picasso alichora Guernica mwaka 1937, picha yenye upana wa karibu mita 8 inayolia juu ya mji uliopigwa mabomu, kwa weusi, weupe na kijivu. Mimi huchukua hizo, nikaongeza nyekundu moja kwa ajili ya begi. Nunua nyekundu ya oksaidi, ile ya sakafu, kwa sababu nyekundu nyingi za bei rahisi huchujuka upesi kwa jua letu la milimani.

Kata karatasi ya manila ya sentimita 60 kwa 30, ichore miraba ya sentimita 5. Ukutani piga miraba ya sentimita 50 kwa kamba iliyopakwa unga wa chaki: wawili waivute, mmoja aifyatue. Hamisha mchoro mraba kwa mraba. Jukwaa la mirunda lifungwe na fundi.

Juni na Julai usianze kabla ya saa nne asubuhi. Umande ukiwa bado ukutani, au baridi ikiwa chini ya nyuzi 10, rangi ya maji haishiki vizuri. Saa kumi jioni funga makopo.

Maneno yawe machache. Mimi huandika: ANA MIAKA MINGAPI? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na anayemchukua wa miaka 11 analijua jibu kabla hajamaliza kusoma. Msomaji aliye mita 30, ili asome kwa urahisi, mpe herufi za sentimita 25 hivi. Mimi huzifanya 50, maana dirisha la basi halingoji.

Chini yake, kwenye kimo cha macho ya mtoto, andika 116, namba ya huduma kwa mtoto, na kwamba kupiga ni bure. Iandike nyeusi juu ya nyeupe, bila pambo lolote. Vumbi la magari na mikono ya watu huifuta sehemu hiyo kabla ya nyingine, kwa hiyo bakiza kopo dogo la kila rangi nyumbani, na mvua za masika zikiisha rudi uipake upya namba hiyo kwanza, begi baadaye.